Kipande cha Mama

Mama yangu ana kisukari, na keki iliyokaribia kumuua haikutiwa sukari hata chembe. Niliipika mimi, kwa mikono yangu, kwa upendo, na nikamdanganya.

Tunaishi Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kando ya barabara iendayo Mwanza. Watu wengi wanapajua kwa hospitali ambayo wamisionari waliianzisha mwaka 1913, na kwa chuo cha afya kilichopo jirani nayo. Wanafunzi wa chuo wanapanga vyumba katika nyumba zetu, na wanafunzi, kama mjuavyo, wana njaa ya kudumu. Nilipomaliza digrii yangu na kukaa nyumbani nikisubiri ajira ambayo haikuja, nilianza kuwauzia keki. Sikuwa na oveni. Nilikuwa na jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga, sufuria ndogo ya kuweka ndani yake, na mfuniko wa bati ambao juu yake nilipanga makaa. Mchanga ukishapata moto hautoi joto kwa pupa. Ukiuvumilia, unakupa keki iliyoiva chini, kati na juu.

Keki iliyotoka haraka kuliko zote ilikuwa ya limao. Ni keki rahisi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, mayai manne, mafuta robo tatu ya kikombe, maziwa kidogo, bekingi pauda, na ganda la malimao mawili lililokwaruzwa juu juu, lile la njano tu, maana jeupe la ndani ni chungu. Ikitoka motoni unaitoboa kwa kijiti na kuimwagia maji ya limao yaliyochemshwa na sukari. Harufu yake inavuka uzio. Majirani waliokuwa wakinicheka, mwanaume mzima na mwiko, walianza kutuma watoto na sarafu.

Mwonjaji wangu alikuwa mama. Kila Jumamosi alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, akapokea kipande cha kwanza, akatafuna taratibu huku akiangalia barabarani, kisha akatoa hukumu. "Limao limezidi." "Mayai hukuyapiga vya kutosha." "Leo umepatia." Hakuwahi kupika keki maishani mwake. Alikulia kwenye michembe na matobolwa, utamu wa viazi vilivyokaushwa juani. Lakini ulimi wake haukukosea, na mimi sikuuza kitu ambacho hajakipitisha.

Kisha zikaja zile dalili ambazo sasa kila ukoo unazijua: kiu, kwenda msalani usiku, kupungua mwili. Kliniki wakampa vidonge vya kumeza kabla ya mlo na maelekezo ya chakula. Jumamosi iliyofuata nilimpikia keki ndogo ya peke yake. Nilinunua vile vidonge vidogo vinavyotia utamu kwenye chai bila sukari, nikaviyeyusha katika maji ya limao, na nikamwambia wazi nilichofanya. Aliitazama ile keki kwenye sahani, akaisukuma pembeni.

"Hiyo ni keki ya wagonjwa," alisema. "Nipe ya watu."

Nilimjibu kwamba ya watu hairuhusiwi. Hakubishana. Aliingia ndani, na Jumamosi ile hapakuwa na hukumu.

Wiki mbili baadaye nilipata akili, au nilidhani hivyo. Keki isiyo na sukari hujifichua yenyewe: hukauka upesi na hugoma kubadilika rangi, kwa sababu sukari ndiyo inayoshika unyevu na kuipa keki ule wekundu wa juu. Nilitia maziwa ya mgando ili isikauke. Niliongeza makaa kwenye mfuniko ili ishike rangi. Vile vidonge vinaacha uchungu fulani nyuma ya ulimi, lakini limao linaufunika. Nilimpelekea kipande chenye ukubwa wa kiberiti, nikamwambia, "Mama, leo nimekuibia kidogo cha watu. Usizoee."

Alikula. Alifumba macho. Akasema, "Limao limezidi."

Nilicheka kwa furaha. Niliona nimeshinda pande zote: mama amepata furaha yake, damu yake imesalimika, na hakuna aliyeumia. Tukaendelea hivyo kwa miezi kama mitatu. Kila Jumamosi alihukumu keki ambayo hakuna mteja angeila, nami nikatikisa kichwa kana kwamba ushauri wake ulikuwa na kazi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini halikunishtua.

Jambo ambalo sikuliona ni kwamba mama naye alikuwa na hesabu zake. Kliniki walikuwa wamemfundisha kwamba ukila kitu kitamu, upunguze kingine. Yeye, mwanamke aliyewahi kugawa debe moja la mahindi kwa watoto sita mpaka msimu ukaisha, alilielewa somo hilo kuliko mimi niliyekaa chuoni miaka mitatu. Kila Jumamosi, akiamini amekula sukari, alijikata ugali wa jioni. Mwanzoni alipunguza nusu. Jumamosi moja, kwa sababu kipande kilikuwa kikubwa kidogo, hakula kabisa. "Nimeshakula keki yangu," alisema, akameza vidonge vyake kama kawaida, akaenda kulala. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu. Nilidhani ni shibe.

Saa tano usiku nilimsikia akiongea peke yake. Nguo zake zilikuwa zimelowa jasho, mikono inatetemeka, na aliniita kwa jina la kaka yake aliyefariki. Nilimgongea binti mmoja mpangaji wetu, mwanafunzi wa uuguzi. Alikuja na kipimo chake, akamtoboa mama kidole. Kilisoma 2.6. Sukari ilikuwa imeshuka, haikupanda.

"Kaka, amemeza dawa?"

"Ndiyo."

"Amekula nini?"

"Keki."

"Yenye sukari?"

Sikumbuki swali lililowahi kuwa zito kama hilo. Mama alikuwa amelala pale, macho nusu wazi, na sikujua kama anasikia. Nikasema, "Hapana. Haina. Anadhani inayo."

Yule binti hakunilaumu. Alikoroga vijiko vitatu vya sukari katika maji, tukamnywesha kidogo kidogo, na baada ya kama robo saa mama alinitambua. Tuliita bajaji tukampeleka hospitali hata hivyo, kwa kuwa dawa za aina ile zinaweza kuishusha sukari tena baada ya mgonjwa kuonekana amepona. Alilazwa hadi asubuhi. Kulipokucha alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema sentensi moja ambayo ndiyo imenifanya niandike haya.

"Ningejua, ningekula ugali."

Chuoni tulisomeshwa somo la maadili, na mada iliyotuchekesha kuliko zote ilikuwa ya Kant. Mwaka 1797 aliandika insha fupi akidai kwamba hata muuaji akija mlangoni kumuuliza rafiki yako yuko wapi, huna haki ya kumdanganya. Tulimwona mzee huyo ni mtu asiye na moyo. Lakini ndani ya insha ile kuna hoja tuliyoiruka kwa kicheko. Tuseme umemwambia muuaji rafiki yako hayumo ndani, na kumbe rafiki, bila wewe kujua, ametoka kwa mlango wa nyuma. Muuaji akiondoka kwa uongo wako na kukutana naye njiani, Kant anasema, matokeo yale ni mzigo wako. Nilidhani ni ujanja wa mwanafalsafa. Kitandani kwa mama niliona ni maelezo ya kilichotokea nyumbani kwetu. Mama alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Wakati mimi namlinda na sukari, yeye alikuwa anajilinda mwenyewe, na ulinzi wangu ukakutana na wake njiani.

Bado simkubali Kant. Muuaji akija Kolandoto nitamdanganya, na nitalala usingizi. Ila muuaji anastahili kuvurugiwa hesabu, kwa sababu hesabu zake ni za kuua. Hesabu za mama zilikuwa za kuishi.

Plato alikuwa na jibu lililonipendeza zaidi. Katika *Jamhuri* anasema uongo ni kama dawa: usiachwe mikononi mwa kila mtu, bali utolewe na wanaojua, kama vile tabibu. Kwa miezi mitatu, bila kujua, nilikuwa mfuasi wake. Nilijipa cheo cha tabibu na mama nikamfanya mgonjwa asiyejua lolote. Ila tabibu halisi humwambia mgonjwa dawa inaitwaje na imezwe lini, kwa kuwa mgonjwa ndiye anayeishi na ule mwili saa ishirini na nne. Anayejua zaidi kuhusu sukari si lazima awe anajua zaidi kuhusu siku ya mgonjwa.

Kuna kisa cha kweli kinachohusu limao lenyewe. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia kumi na wawili wenye kiseyeye wawili wawili, akawapa tiba tofauti. Waliopewa machungwa na malimao walipona upesi kuliko wote. Jeshi lilisubiri hadi mwaka 1795 kuyafanya maji ya limao kuwa posho ya kawaida, na kiseyeye kikapungua sana. Katikati ya karne ya 19 malimao yakabadilishwa na ndimu kutoka makoloni ya West Indies. Watu waliona ni kitu kilekile: zote chachu, zote za jamii moja. Kumbe maji yale ya ndimu, kwa namna yalivyotunzwa, yalikuwa na nguvu kidogo sana. Kosa halikuonekana kwa miaka mingi, kwa sababu meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari. Msafara uliokwenda Aktiki mwaka 1875 ndio uliolipa: watu walikunywa kinga yao kwa uaminifu, na bado wakaugua.

Waliobadilisha hawakuwa waongo kama mimi, walikosea tu. Lakini baharia aliyeambiwa amekingwa hatafuti kinga nyingine. Uongo na kosa vinafanana hapo: mtu anapanga maisha yake juu ya kitu ambacho hakipo.

Rafiki yangu mmoja alinipinga. Alisema najihukumu kwa bahati mbaya. Kama mama angekula ugali usiku ule, nisingeandika chochote, na ningeendelea kujiona mtoto mwema. Ana haki. Bernard Williams na Thomas Nagel walilipa jambo hilo jina mwaka 1976, bahati ya kimaadili: madereva wawili wazembe kwa kiwango kimoja, mmoja anafika salama, mwingine anagonga mtoto, nasi tunamlaumu wa pili tu. Nimejiuliza sana. Nadhani jibu langu ni kwamba usiku ule haukuliumba kosa, uliliangaza. Hata katika zile Jumamosi zilizopita salama, mama alikuwa analala nusu tumbo kulipia sukari ambayo hakuila. Alilipa deni la uongo wangu kila wiki, kimya kimya, na mimi nilikuwa nahesabu faida.

Kuna swali jingine ambalo siwezi kulimaliza. Katika ukoo wetu, mtu akiwa na ugonjwa usiopona, tunamficha. Tulimficha shangazi yangu. Tulikaa kikao nje, chini ya mwembe, tukakubaliana tumwambie ni vidonda vya tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini walimsema anayeficha yake. Waliomfichia mwenzao hawakusemwa. Shangazi alifariki akipanga kulima dengu msimu ujao. Je, tulimnyima nini? Pengine tulimpa miezi ya amani. Pengine kulikuwa na mtu aliyetaka kupatana naye, shamba alilotaka kulitamkia mrithi, nasi tukamwambia muda upo. Sijui, na aliyeweza kunijibu tulimzika. Ninachojua ni kwamba pale chini ya mwembe tulijadili kila kitu isipokuwa hesabu zake.

Mama alikaa kimya na mimi kwa siku nne baada ya kutoka hospitali. Siku ya tano aliuliza, "Miezi yote ile, nilipokuambia limao limezidi, lilikuwa limezidi?" Nilimjibu kwamba ndiyo, kwenye kipande chake lilikuwa limezidi kweli, ili kufunika uchungu wa vidonge. Alitikisa kichwa. Nadhani lilimfariji kidogo, kwamba ulimi wake haukudanganywa kabisa.

Sasa anakula ya watu. Tulikwenda kliniki pamoja, tukauliza, tukaelezwa kiasi. Kipande chembamba, sukari ya kweli, na ugali wake wa jioni, mdogo lakini upo, kabla ya kulala. Anakikata mwenyewe. Wateja wamerudi kula keki iliyopitishwa na mama.

Ila chai yake hanipi niitie sukari wala vidonge. Huniomba nimwekee kikombe mezani, hunisubiri nigeuke, kisha huionja kwanza.