Kuwashwa kwa Asiyesema

Kuna maswali ya maadili ambayo watu huyapa heshima kwa sababu yanahusu mambo makubwa: vita, dhuluma, utawala, kifo. Na kuna mengine ambayo huchekesha mpaka mtu ayatazame kwa makini. Hili ninalotaka kulizungumza hapa ni la aina ya pili. Mtu anayefuga mbwa mdogo, mwenye tumbo linaloharibika kila mara na nyayo zinazomwasha usiku kucha, ana deni gani kwa mbwa huyo? Na je, ni haki kumhangaikia kiumbe kama huyo katika mji ambamo wapo watoto wanaolala na njaa?

Sikulitafuta swali hili. Lilikuja nyumbani kwangu kwa miguu minne. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu hapa Morogoro alihama, akaniachia mbwa mweupe wa manyoya marefu, uzito wake kilo nne tu. Wajukuu wakamwita Pamba. Mbwa tuliowazoea sisi ni wa kulinda, wanaolala nje na kula makombo ya ugali na dagaa. Huyu alikuwa wa namna nyingine. Juma moja choo chake kilikuwa kizuri, juma la pili kilikuwa maji matupu yenye utelezi. Na kila jioni alijikunja chini ya kiti akajilamba vidole vya miguu kwa bidii ya kibarua anayelipwa kwa kipande, hata manyoya meupe yakageuka hudhurungi kwa mate, na ngozi ya katikati ya vidole ikawa nyekundu.

Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kama hata binadamu mwenzangu siwezi kuingia katika maumivu yake, nitaingiaje katika kuwashwa kwa mbwa? Katika karne ya 17 Descartes alifikia hatua ya kuwafananisha wanyama na mashine. Baadaye, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1789, Mwingereza Bentham aligeuza hoja: akasema jambo la kuuliza si kama wanyama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaweza kuteseka. Mimi si mwanafalsafa wa chuo, lakini naona Bentham aliuliza swali lililo karibu zaidi na maisha yetu. Mtoto mchanga hasemi. Mzee aliyepigwa na kiharusi hasemi. Hakuna mwenye akili timamu anayedhani kwamba kwa kuwa wamenyamaza, basi hawaumwi. Mwenye uchungu asiye na maneno husema kwa mwili, na wajibu wa kwanza wa aliye karibu naye ni kujifunza kuusoma mwili huo.

Usomaji huo una elimu yake. Daktari wa mifugo niliyempelekea Pamba hakuanza na sindano. Alianza na maswali. Anakula nini, nani anampa, anajilamba miezi gani, masikio yake yananuka? Kisha akanieleza utaratibu ambao naona unafaa hata katika mambo mengine ya maisha: anza na lililo rahisi kuonekana kabla ya kushuku lililofichika. Kwanza minyoo, viroboto, kupe na utitiri wa upele. Kisha tazama kama pana mwiba, kidonda, au fangasi kati ya vidole, maana mahali panapolowa mate siku nzima fangasi hustawi. Hayo yakiondoka na kuwashwa kukabaki, ndipo hufikiriwa mzio: wa vumbi na chavua ya nyasi, au wa chakula. Tumbo na ngozi vikilalamika pamoja, chakula kina haki ya kushukiwa, na aghalabu kinachoshukiwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano.

Kuujua mzio wa chakula hakuna njia ya mkato. Mbwa hupewa chakula cha aina moja tu ambacho hajapata kukila, kwa muda wa majuma manane hivi, bila kuongezewa chochote; kisha chakula cha zamani hurudishwa ili kuona kama dalili zitarudi. Sisi tulichagua sungura na viazi vitamu, vyote vya kuchemsha, bila mafuta wala kitunguu. Na hapo ndipo jambo la mbwa lilipogeuka kuwa jambo la maadili.

Majuma manane ni marefu kwa nyumba yenye watoto na wageni. Pamba aliketi mbele ya kila mlaji, akainua macho, na macho yale yalikuwa na ufasaha ambao wanasiasa wengi hawana. Mjukuu alitaka kumpa kipande cha biskuti. Mgeni alitaka kumtupia kipande cha nyama yenye mafuta, akaniuliza kwa nini nina moyo mgumu. Nilimwambia kwamba kwa mwili wa kilo nne, tonge moja la kwetu ni mlo, na kwamba mafuta mengi huweza kulivimbisha kongosho la mbwa hata akafa. Hakuridhika. Kwa macho yake, huruma ni kutoa.

Nimelifikiri sana jambo hili. Anayempa mbwa biskuti hupata malipo yake papo hapo: mkia unatikiswa, naye anajiona mwema. Gharama yake hulipwa usiku, na halipi yeye. Analipa yule anayekesha akijitafuna vidole. Basi ipo huruma inayomtazama mpokeaji, na ipo inayomtumia mpokeaji kuwa kioo cha mtoaji. Zote mbili hutumia mkono uleule, hata mtu wa nje hawezi kuzitenganisha. Niliwaambia wajukuu kwamba wakitaka kumfurahisha Pamba wacheze naye. Mdogo wao aliuliza, "Babu, sasa atajuaje kwamba tunampenda?" Nikamjibu kwamba huenda asijue, na kwamba kupenda si lazima kujulikane.

Choo kilitengemaa katika juma la pili. Miguu ilichelewa zaidi. Tulipomrudishia nyama ya ng'ombe, siku chache tu zikapita akaanza tena kujilamba, nasi tukawa tumepata jibu. Lakini lilikuwa nusu ya jibu, kwa maana masika ilipofika na nyasi kuchanua, miguu iliwasha tena kidogo. Sasa kila akitoka nje tunamwosha nyayo kwa maji safi na kumkausha vizuri katikati ya vidole. Hakupona kabisa, na labda hatapona. Mzio hutunzwa kama shamba linavyopaliliwa: hakuna siku ya kusema magugu yamekwisha.

Sasa nirudi kwenye lile swali zito. Mzee mwenzangu mmoja alinijia, tukasalimiana, kisha akasema, "Mwalimu, mtaani kwetu kuna watu wanakosa hela ya panadoli, nawe unampikia mbwa sungura?" Sikumchekea, kwa sababu neno lake lina haki. Wapo wanaojibu kwamba huruma huzaa huruma, na kwamba anayemhurumia mnyama atamhurumia na mtu. Kant naye alifundisha karibu na hapo: aliona kwamba wajibu wetu hasa ni kwa binadamu, ila anayemtendea ukatili mbwa aliyemtumikia huuharibu utu ulio ndani yake mwenyewe. Kuna ukweli humo, lakini haumalizi deni. Huruma si debe la maji, kwamba ukimchotea mmoja utampunguzia mwingine. Fedha, hata hivyo, ni debe.

Kwa hiyo nilimjibu mzee kwa namna mbili. Kwanza, upo mpaka. Siku matibabu ya Pamba yatakapodai karo ya mjukuu, karo itatangulia, nami nitamwomba daktari ampumzishe mbwa bila maumivu. Pili, mtoto mwenye njaa ana haki juu yetu sote, mimi nikiwamo, na hakuna anayeondolewa deni hilo kwa kumwacha mbwa wake akiteseka. Sijaona mtu aliyeacha kumtibu mbwa, kisha akachukua fedha ile ile akampelekea jirani mgonjwa. Mara nyingi hoja ya maskini hutumiwa kumnyima mnyama, na maskini mwenyewe hapati kitu. Pamba hana wa kumwendea ila mimi. Hilo halimfanyi awe bora kuliko mtu. Linanifanya mimi niwe na la kujibu.

Mzee yule ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, kwa hiyo Pamba hamgusi. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Tangu siku ile akipita husimama mbali kidogo na kuuliza, "Mgonjwa wako hajambo?" Nimejifunza kwake kwamba mtu aweza kujitenga na kiumbe bila kukidharau.

Lipo jambo la mwisho. Mbwa wote wametokana na jamii ya mbwa-mwitu, na udogo huu wa kilo nne ni kazi ya binadamu waliochagua vizazi kwa vizazi nani azae na nani. Sisi tulitaka manyoya marefu, uso wa kitoto, na mwili wa kupakatwa. Kiumbe tuliyemfanya asiweze kujitegemea hatuwezi kumlaumu kwa kututegemea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya nchi yetu, ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama, lakini hakuna sheria itakayomlazimisha mtu kuinama jioni na kutazama katikati ya vidole vya mbwa. Hilo limeachiwa dhamiri, na dhamiri hupimwa zaidi mbele ya asiyeweza kutushukuru wala kutushitaki.