Nani Amwongoze Nani Mjini?



Vijana wenzangu, leo nina swali ambalo kwa miaka yote ya falsafa sikulikuta kwenye mtihani, ila limenisumbua kuliko maswali mengi ya mtihani. Mzazi na kijana wake wakiingia mjini pamoja, na kijana ndiye anayejua njia, nani anapaswa kumwongoza mwenzake?

Ukiliangalia haraka ni swali dogo. Anayejua njia atangulie, basi. Mimi niliwahi kutangulia. Ngoja niwasimulie.

Ilikuwa Desemba 2018. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, niko nyumbani Mbagala nasubiri matokeo. Baba yangu ni fundi ujenzi. Alitoka Mahenge kuja Dar es Salaam kutafuta maisha kabla sijazaliwa, na kwa miaka yote hiyo Dar yake ilikuwa ndogo tu: Rangi Tatu, Charambe, Chamazi, Kongowe, huko huko watu wanakojenga. Kariakoo alienda akihitaji vifaa. Posta na Masaki alizisikia redioni. Mimi nilisoma upande wa Kinondoni, kila siku ya shule navuka jiji kwa daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa hiyo nilijiona mtoto wa mjini kabisa.

Jumamosi moja jioni akaniambia, "Jumatatu sina kazi. Nitembeze mji. Nataka nikalione lile daraja la Tazara, halafu unipeleke kanisani kwa Mtakatifu Yosefu nikasali."

Daraja lenyewe ni lile la juu linaloitwa Mfugale, makutano ya barabara ya Nyerere na Mandela, pale Temeke. Lilikuwa limefunguliwa Septemba ya mwaka huo huo, limejengwa kwa msaada wa Japani. Jiji zima lilikuwa linalizungumzia, na fundi gani asingetaka kuliona?

Tukapanda Hiace. Mnazijua hizi Hiace zetu, zinakuja kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, na nyingine bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni. Baba akayagusa kwa kidole kabla ya kupanda, akaniuliza, "Hapa wameandika nini?" Nikasema sijui. Akashangaa kwa sauti, "Miaka yote unapanda gari hizi, na wewe msomi, hujawahi kuuliza?" Abiria wakacheka. Hawakunicheka kwa ubaya, lakini mimi tayari nilikuwa nimeanza kuona aibu.

Tazara tulishuka. Baba akasimama chini ya daraja kichwa kakiinua juu, akaanza kunieleza: jinsi nondo zinavyofungwa, jinsi zege linavyomwagwa, kwa nini linamwagiliwa maji siku nyingi lisikauke haraka likapasuka. Alinieleza karibu nusu saa. Mimi nilikuwa naangalia simu. Nikamwambia, "Baba, twende bwana, jua kali."

Posta ndiyo ilikuwa balaa. Baba alisalimia kila mtu kama yuko Mahenge: mlinzi wa getini, muuza kahawa, dada aliyevaa suti anayewahi ofisini. Kuvuka barabara akasita, akanishika mkono, na mimi nikautoa mkono wangu taratibu. Shati lake lilikuwa safi, lakini viatu vilikuwa na alama za saruji ambazo hazitoki tena. Nikaanza kutembea mbele yake, kama hatua kumi hivi. Nikijiuliza leo kwa nini, sina jibu lingine: nilitaka watu wasijue tuko pamoja.

Tulipofika karibu na kanisa nikakutana na wenzangu watatu wa shule. Walikuwa wanaelekea feri, wavuke Kigamboni kwenda ufukweni. Tukapiga stori kidogo. Baba akafika nyuma yangu, akatabasamu, akasubiri nimtambulishe. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee ni nani?"

Nikasema, "Fundi wetu wa nyumbani."

Wakamwamkia, wakaondoka. Baba hakusema kitu. Akaingia kanisani, akapiga magoti muda mrefu. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Kanisa lile lilianza kujengwa mwaka 1897 na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani, likakamilika 1902. Siku nyingine yoyote baba angeniuliza habari za dari na madirisha. Siku ile hakuuliza. Tukarudi Mbagala kimya. Tuliposhuka Rangi Tatu akaninunulia soda.

Sasa tufikiri pamoja.

Kwanza, sentensi yangu. "Fundi wetu wa nyumbani." Kila neno pale ni kweli! Baba ni fundi, na nyumba yetu aliijenga yeye mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilijitetea hivyo. Baadaye nikasoma Mtakatifu Augustino, ambaye aliandika sana kuhusu uongo, na utetezi wangu ukavunjika. Kwake, uzito wa uongo uko kwenye nia ya kudanganya, pale mtu anapokuwa na jambo moja moyoni na kutaka mwenzake aamini lingine. Kwa hiyo mtu anaweza kuchukua maneno ya kweli tupu akadanganya nayo. Nilitumia kazi ya baba yangu, kazi iliyonilipia ada, kumfichia ubaba wake.

Pili, kwa nini nilijiona nina haki ya kutangulia? Kwa sababu nilijua mji kuliko yeye. Hapa ndipo wengi wetu tupo leo. Sisi ndio tunaowatumia wazazi pesa kwenye simu pale namba inapowachanganya. Sisi ndio tunaojaza fomu za mtandaoni. Tunajua basi gani linakwenda wapi. Taratibu wazo linaingia: anayejua zaidi ndiye mkubwa.

Lipime wazo hilo. Kama heshima inalipwa kwa kiasi cha ujuzi, basi ramani iliyo kwenye simu yako inastahili heshima kuliko mama yako, maana inajua kila mtaa wa Kinondoni na haichoki kuulizwa. Na siku wewe utakapozeeka, watoto wako watakuwa na haki ya kukuweka pembeni kama simu ya zamani. Nadhani hakuna kati yetu anayekubali hivyo. Basi heshima ya mzazi imesimama juu ya msingi mwingine.

Aristotle alishaona jambo hili karne nyingi kabla ya Kristo. Katika maadili yake anasema mtoto ni kama mdaiwa ambaye hawezi kumaliza deni kwa baba yake, kwa sababu alichopewa ni uhai wenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino akalichukua wazo hilo akalipa nafasi ndani ya fadhila inayoitwa kwa Kilatini *pietas*: baada ya Mungu, tuna wajibu kwa wazazi na kwa nchi yetu, kwa kuwa kupitia kwao tumekuwepo na tumelelewa. Angalieni vizuri, hakusema kwa sababu wanajua kila kitu. Hata mzazi asiyejua kusoma, hata anayepotea Posta, bado ni yule ambaye bila yeye usingekuwepo hapo Posta kumwonea aibu.

Kwa hiyo ujuzi unaweza kukupa kazi ya kuonyesha njia, lakini haukupi ukubwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi siku ile niliyachanganya.

Tatu, kuna familia moja tunayoijua sote iliyoingia mji mkubwa na kijana wao. Injili ya Luka, sura ya pili. Yesu ana miaka kumi na miwili, wamepanda Yerusalemu kwa Pasaka, wao watu wa Nazareti, kijiji tu. Kijana anabaki Hekaluni, wazazi wanamtafuta kwa uchungu siku tatu, na wanapompata anawapa jibu ambalo hawalielewi. Tukipima kwa ujuzi, nani alijua zaidi siku ile? Ni Yeye. Yusufu na Maria hawakuelewa. Lakini Luka anaendelea kusema kwamba akashuka nao mpaka Nazareti, akawa anawatii. Mwenye hekima yote akarudi nyumbani na fundi na mkewe, kwa mwendo wao.

Na baadaye, Yesu alipokuwa anafundisha, watu wa kwao walimdharau kwa kuuliza kama huyu si mwana wa seremala. Walidhani wanamshusha. Sisomi popote kwamba aliona haya kwa ajili ya Yusufu. Mimi niliyaona haya hayo mbele ya kanisa lenye jina la fundi huyo huyo!

Nne, turudi Japani, maana gari na daraja vya siku ile vilitoka huko, na huko huko nimepata baba na kijana wengine walionifundisha. Kila tarehe 6 Februari tunawakumbuka Mtakatifu Paulo Miki na wenzake, mashahidi 26. Paulo Miki mwenyewe alikuwa bado katika masomo kwa Wajesuiti, kama sisi waseminari. Lakini kati yao walikuwepo pia Michael Kozaki na mwanawe Thomas, kijana wa kama miaka kumi na minne. Mtawala Hideyoshi aliamuru wauawe. Wakakatwa sehemu ya sikio la kushoto huko Kyoto, wakazungushwa mitaani humo na Osaka, miji mikubwa kabisa ya nchi ile, ili watu wawaone. Kisha wakatembezwa katika baridi ya Januari, karibu mwezi mzima, hadi Nagasaki, ambako walisulubiwa tarehe 5 Februari 1597. Njiani Thomas alimwandikia mama yake barua, akimwomba asihuzunike kwa ajili yake na baba, na kumkumbusha wadogo zake. Barua ilikutwa kwenye mwili wa baba yake.

Hebu fikiria mitaa ile ya Kyoto. Baba na kijana wanapitishwa mbele ya umati unaowatazama. Thomas angepewa nafasi ya kusema "huyu simjui", pengine angerudi nyumbani. Mimi niliisema mbele ya wanafunzi watatu wanaokwenda kuogelea, na hakuna aliyenitisha.

Najua kuna msomaji anauliza: na kama mzazi wangu ananiongoza kwenye ubaya? Ni swali la haki. Kati ya mashahidi wetu wa Uganda yupo Mbaga Tuzinde. Mlezi wake, Mukajanga, ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji wa Namugongo. Alimsihi kijana huyo aikane imani apone. Mbaga alikataa, akafa mwaka 1886. Kuheshimu mzazi si kumfuata popote. Na kama nyumbani unapigwa au unaumizwa, kumweleza padre, mwalimu au ndugu unayemwamini si kuvunja amri ya nne. Lakini tuwe wakweli: wengi wetu hatutembei mbele ya wazazi kwa sababu wanatupeleka dhambini. Ni kwa sababu ya viatu vyao.

Niliungama jambo hili nikiwa seminari, mwaka wa kwanza wa falsafa. Padre akanisikiliza, akanipa malipizi, kisha akaniuliza kama nimeshamwambia baba mwenyewe. Sikuwa nimemwambia. Ikanichukua likizo mbili kupata ujasiri.

Nikamkuta yuko uani ananoa panga. Nikakaa kwenye ndoo, nikasema, "Baba, ile siku ya Posta, niliwaambia wale wenzangu wewe ni fundi wetu." Hakuacha kunoa. Akasema, "Nilisikia. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Nikaomba msamaha. Akanisamehe kwa namna ya wazee wetu, yaani akaniuliza kama nimekula. Tulipokuwa tunakula nikamwomba, "Hebu nieleze tena lile daraja la Tazara. Siku ile sikusikiliza." Akanitazama kidogo kama anapima nina utani au la. Kisha akavuta sufuria, akaweka mwiko juu yake, akaanza upya, kuanzia kwenye nguzo.

Basi, jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Anayejua njia aonyeshe njia, hata akiwa mdogo. Lakini aonyeshe akiwa ubavuni, kwa mwendo wa mzazi, na akiulizwa huyu ni nani, ajibu.

Wiki hii, kama mzazi wako yupo na unaweza, msindikize mahali pamoja mjini ambapo hajawahi kufika. Coco Beach, Makumbusho ya Taifa, hata feri tu mkavuke na kurudi. Mwache asalimie watu. Ukikutana na wenzako, mtambulishe wewe kwanza kabla hawajauliza. Na kama mzazi wako ametangulia mbele ya haki, mwombee kwa jina lake kwenye Misa.

Tuombe. Ee Yesu, uliyeshuka kutoka Yerusalemu pamoja na Maria na Yusufu, utusamehe hatua zote tulizowatangulia wazazi wetu kwa aibu. Utufundishe kutembea nao. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Watakatifu Michael na Thomas Kozaki, mtuombee. Amina.