Dhamana ya Tabibu, na Haki ya Aliyedhurika

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mtu afapo mkononi mwa tabibu, neno la kwanza lisemwalo matangani ni kwamba siku zake zimetimia. Neno hilo ni kweli, wala hapana Muislamu alikataaye. Walakini hulifuata neno la pili lisilokuwa kweli, nalo ni kwamba, maadamu ajali imeandikwa, hapana wa kuulizwa. Mzee mmoja husema, “Tumesamehe,” na wote huitikia, “Tumesamehe,” na jambo likafukiwa pamoja na maiti. Na mahali pengine hutokea kinyume chake: mgonjwa amehudumiwa kwa uzuri wote, amekufa kwa maradhi yake, na jamaa zake wakamwendea wakili ili wapate mali. Njia zote mbili zimetoka katika sheria, na ya kwanza ndiyo iliyoenea zaidi pwani.

Enyi ndugu Waislamu, itazameni aya ya 92 ya Suratun-Nisaa. Humo Mwenyezi Mungu amemwajibisha aliyemuua muumini kwa kukosea atoe kafara na awape diya jamaa za maiti, ila wao wenyewe wakiitoa sadaka. Basi huyo aliyeuawa kwa kukosea, je, hakufa kwa ajali yake? Amekufa kwa ajali yake bila shaka, na pamoja na hayo diya imewajibika. Kadari ni imani ya moyoni, na dhamana ni hukumu ya matendo ya waja. Moja haiiondoi nyingine.

Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwa Jabir (r.a.) habari ya watu waliokuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Kisha akaota, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, kwani maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa hakusema kwamba siku zake zimetimia akanyamaza. Alisema kwamba wao ndio waliomuua, akawaapiza, akawalaumu kwa kutouliza ilhali hawajui. Watu wale hawakumpiga wala hawakumchukia. Walimtakia sala yake isihi. Kosa lao ni kusema katika jambo wasilolijua, na jambo hilo lilikuwa roho ya mtu.

Ama tabibu mwenyewe, hukumu yake imekuja wazi. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kwa Amr bin Shuaib, kwa babaye, kwa babuye, ya kwamba ajifanyaye tabibu naye hakujulikana kabla ya hapo kuwa anaujua utabibu, huyo ni dhamini wa alichokiharibu. Na Imamu Abu Sulaiman al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 wa Hijra, amesema kwamba hajui khitilafu katika tabibu aliyepita mpaka mgonjwa akaangamia: ni dhamini, na ajitiaye katika kazi asiyoijua ni mwenye kupita mpaka. Kisasi kimeondoka kwake kwa kuwa hakufanya ila kwa idhini ya mgonjwa, na diya ni juu ya akila yake, yaani jamaa zake wa kiumeni.

Yafikiriwe haya na wale wadungao watu sindano nyuma ya duka la dawa, na ngariba asiyechemsha wembe wake, na mganga amwambiaye mwenye kisukari aache dawa za hospitali anywe kombe peke yake. Kombe na ruqya zina mahali pake. Lakini amwachishaye mtu dawa kwa neno lake, na mtu akafa, ataulizwa kama walivyoulizwa wale wa safarini.

Lakini tabibu mjuzi ana hukumu nyingine, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Imamu Shafi (r.a.) katika kitabu chake al-Umm amewataja mpiga chuku, mwenye kutahiri na mwenye kutibu mnyama. Akiangamia mtibiwa, hutazamwa: ikiwa mtendaji amefanya kama wafanyavyo wajuzi wa kazi ile kwa kumtakia mtibiwa wema, hana dhamana, na ikiwa amefanya jambo asilolifanya mjuzi atakaye wema, ni dhamini. Imamu Shafi amefariki mwaka 204 wa Hijra. Baada ya zaidi ya miaka elfu, mwaka 1957, mahakama ya Uingereza katika kesi ya mgonjwa aliyevunjika mifupa hospitalini ilishika kipimo kilicho karibu sana na hicho: kwamba daktari hana lawama ikiwa amefuata njia inayokubaliwa na kundi la madaktari wenye kuaminika katika kazi ile. Mahakama za Afrika ya Mashariki zimekitumia kipimo hicho. Basi aendaye kushitaki hajiulizi tu, “Je, maiti wetu amekufa?” Hujiuliza, “Je, daktari aliacha lililompasa?”

Na la kumpasa lajulikana. Mwaka 2018, katika hospitali kubwa ya Nairobi, mtu alipasuliwa kichwa ilhali aliyestahiki kupasuliwa ni mgonjwa mwingine. Majina yalikuwa yamechanganywa, na waganga hawakutambua ila baada ya saa kadhaa, walipokosa damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta. Hapo hapana ijtihadi iliyokosea wala maradhi yaliyoshinda elimu. Ni kutouliza jina.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 2008 karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti kabla ya kupasua na baada yake: huyu ni nani, apasuliwa wapi, vitambaa vilivyoingia tumboni vyote vimetoka? Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, na Ifakara ya Tanzania mmojawapo. Katika kila wagonjwa 1,000, waliokuwa wakifa 15 wakashuka hata 8. Karatasi moja tu!

Wala kuandika si jambo la kigeni kwa Waislamu. Katika vitabu vya hisba, mathalan kile cha Ibn al-Ukhuwwa wa madhehebu ya Shafi, tabibu ameamrishwa aandike maradhi na dawa aliyoitoa, na nakala awape jamaa za mgonjwa. Mgonjwa akifa, nakala hizo hupelekwa kwa mkuu wa matabibu. Akiona kazi ilikuwa sawa, huwaambia kwamba ajali yake imetimia. Akiona uzembe, huwaambia wachukue diya ya mtu wao kwa tabibu yule. Na mwaka 319 wa Hijra (931), mtu alipokufa Baghdad kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir alikataza mtu yeyote asitibu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit; wakatahiniwa zaidi ya 860 mjini humo. Basi daktari afichaye karatasi za mgonjwa, au azibadilishaye baada ya msiba, ameongeza khiyana juu ya kosa.

Na idhini nayo ina hukumu yake. Tabibu akatapo bila ruhusa ni dhamini hata akiwa stadi. Ruhusa ya mtu mzima mwenye akili ni yake mwenyewe, na ya mtoto ni ya walii wake. Mume si walii wa mwili wa mkewe. Mwanamke mwenye uchungu wa uzazi huambiwa na mkunga kwamba lazima apasuliwe, naye amekubali, kisha hungojeshwa hata mumewe apatikane kwa simu. Na damu haingoji. Wanaume wayasikie haya, kwani mara nyingine uzembe uliomuua mwanamke haukuwa wa hospitali.

Sasa turejee kwa yule mzee wa matangani asemaye, “Tumesamehe.” Kusamehe ni jambo tukufu, na aya yenyewe imelitaja. Lakini asamehe nani? Diya ni mali ya warithi wote. Kila mrithi aliye mzima na mwenye akili ana haki ya kuacha fungu lake, lake tu. Maiti akiacha watoto wadogo, fungu lao ni mali ya yatima. Ami hana amri ya kulitoa sadaka, wala babu, wala walii yeyote. Atoaye mali ya yatima ili asifiwe upole amekuwa karimu kwa mali isiyokuwa yake. Na hospitali ikileta bahasha ya fedha na karatasi ya kutia sahihi siku ya tatu, walii asitie sahihi mpaka ajue kosa lilikuwa nini na haki ya watoto ni kiasi gani.

Madai haya hayapelekwi kwa Kadhi, kwani katika Kenya Kadhi huhukumu ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo; huenda mahakama za kawaida, na malalamiko juu ya mwenendo wa daktari huenda baraza la madaktari. Na muda ni mfupi: katika Kenya na Tanzania Bara dai la madhara kama haya kwa kawaida ni miaka 3, na katika Kenya lililo juu ya Serikali ni mwaka 1. Mwenye kudai aseme kweli, kwani hukumu ya hakimu haimhalalishii mtu haki ya nduguye.

Na tabibu aliyeua kwa uzembe, hata warithi wote wakimsamehe diya, kafara ingali juu yake: naye, kwa kuwa hapana mtumwa wa kuacha huru leo, hufunga miezi miwili mfululizo. Hiyo haisamehewi na jamaa za maiti, kwani si yao. Wallahu aalamu.