Jicho Lililoumbiwa Machweo

Macho mengi aliyoyaumba Mwenyezi Mungu yameumbiwa mchana. Tai humwona panya akiwa juu kabisa angani, na nyuki huziona katika maua rangi ambazo sisi wanadamu hatukujaliwa kuziona. Lakini jua likitua, ufundi wote huo hukosa kazi. Hapo ndipo inapofika zamu ya macho mengine, na katika hayo limo jicho la samaki mmoja wa maji baridi, mkaazi wa maziwa na mito ya Kanada na kaskazini ya Marekani, ambaye wenyeji wa huko humwita wolai. Jicho hilo linastahili tulitazame taratibu, msomaji wangu, bila pupa, kwa kuwa ndilo linalowatoa watu majumbani mwao jioni nzima za kiangazi na kuwapeleka majini.

Mchana, wolai akiwa mkononi mwa mvuvi, jicho lake halipendezi sana. Ni kubwa kwa kichwa kile, limetokeza kidogo, na juu ya weusi wake umetanda ukungu wa rangi ya fedha, hata asiyemjua humhurumia akidhani ana mtoto wa jicho. Lakini ngoja giza liingie, kisha umulike tochi kwenye maji ya kina kifupi, na yule uliyemdhania kipofu atakurudishia mwanga wako uking'aa kama kaa la moto. Nyuma ya utando wa jicho unaopokea nuru, Muumba ametandaza tabaka jingine linalong'aa. Nuru inayopenya bila kunaswa hugonga tabaka hilo na kurudishwa, ikapita mara ya pili pale pale ilipoponyoka mara ya kwanza. Ni mfano wa mama aliyekwisha kumimina unga, akaligeuza gunia na kulikung'uta mpaka chembe ya mwisho. Ule mwanga hafifu ambao kwetu ni kiza tu, kwake bado ni chakula.

Na mwili uliobeba jicho hilo nao haukuumbwa kwa mkono wa haraka. Mgongo ni wa kijani kilichokolea kama zeituni, ubavu umenyunyiziwa dhahabu, na tumbo ni jeupe. Mapezi ya mgongoni ni mawili: la mbele lina miiba mikali, na penye mwisho wake pana doa jeusi, la nyuma ni laini. Ncha ya chini ya mkia ni nyeupe, alama ndogo ambayo mvuvi aliyezoea huiona ikimetameta samaki angali chini ya maji, akajua kilichoshika ndoana yake kabla hajakipandisha. Kinywa kina meno yaliyochongoka, yaliyoachana, ya kushika na si ya kutafuna.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu asitarajie jitu kama sangara. Wolai wa kawaida hutosha sahani mbili au tatu, na aliyeandikwa kuwa mzito kuliko wote katika jimbo la Minnesota, aliyevuliwa mwaka 1979, hakufika kilo 8. Sangara mmoja mkubwa wa Ziwa Viktoria angewameza wengi wa namna hiyo na bado akawa na njaa. Lakini ukubwa si kipimo pekee cha utukufu, na watu wa Minnesota walipoamua mwaka 1965 kumteua samaki wa kuliwakilisha jimbo lao, walimteua huyu.

Tukubali kwamba walikuwa na maji mengi ya kuchagulia. Minnesota ina maziwa 11,842, ukihesabu yale yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea. Mengine ni madogo, ya kuzungukwa kwa miguu kabla ya chai ya asubuhi. Mengine, kama Mille Lacs lenye kilomita za mraba zaidi ya 500, ni bahari ndogo zenye mawimbi na hasira zao. Miezi kadhaa ya mwaka maziwa hayo hufunikwa na barafu nene inayoweza kubeba gari. Kisha majira ya kuchipua yakifika, barafu ikavunjika, wolai hupanda usiku kwenye vina vifupi vyenye mawe, jike akamwaga mayai yake maelfu kwa maelfu katikati ya changarawe na kuondoka zake. Hajengi kiota wala halindi. Mayai hayo huachwa kwa baridi, kwa mkondo wa maji na kwa Mola wake, na yanayosalimika hutosha kuendeleza kizazi.

Kiangazi ndicho kinachofunua hekima ya jicho lile. Sisi wa ikweta tumezoea jua lenye nidhamu: saa kumi na mbili linatua, na kabla mchuzi haujaiva giza limekwisha ingia. Kule kaskazini, mwezi wa Juni, jua huzama kupita saa tatu usiku, na hata likizama halina haraka ya kuchukua nuru yake. Machweo huburuta miguu, anga likabaki na wekundu, kisha urujuani, kisha kijivu, muda mrefu kuliko aliyezaliwa Pwani anavyoweza kuamini. Samaki aliyepewa jicho la utusitusi akawekwa katika nchi yenye utusitusi mrefu. Anayetaka kuita hilo bahati na aite. Mimi naona mpangilio.

Tazama pia anayeliwa. Riziki anayoipenda wolai ni samaki mdogo wa jamaa yake, mwenye rangi ya manjano na mistari ya wima, ambaye huona vizuri mchana na hutembea kwa makundi. Jua likishuka, macho yake humpungukia, kundi hutawanyika, naye hushuka kupumzika karibu na sakafu ya ziwa. Ni wakati huo huo wolai hutoka vilindini na kupanda kwenye miamba na kingo za magugu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na bawa la huyu ni ile nusu saa ambayo mwenzake haoni tena na yeye bado anaona.

Hata upepo umepewa sehemu yake. Mvuvi wa mashua kwetu huuogopa upepo wa ghafla, na ana haki. Lakini mvuvi wa wolai, mchana wa jua kali maji yakiwa shwari, hukaa akinung'unika, maana samaki wake amejificha nuru. Upepo ukiinuka, mawimbi madogo yakauvunjavunja mwanga na kuyatibua maji ya ufukweni, uso wa yule yule mvuvi huchangamka. Atasogeza mashua upande unaopigwa na mawimbi, huko ambako mtu mwingine angekukimbia, na huenda akapata mchana alichokuwa akikingojea jioni.

Zipo siku, hata hivyo, ambazo hakuna ujuzi unaofaa kitu. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, wadudu waliokaa wamezikwa katika tope la ziwa mwaka mmoja au miwili huinuka usiku kwa pamoja, wakavua ngozi zao na kuruka kwa mbawa laini kama karatasi ya kuvingirisha sigara. Mdudu mzima hana kinywa cha kulia. Amepewa siku moja au mbili za kuzaana na kufa, basi. Katika Ziwa Erie hutoka kwa wingi hata rada za kupimia mvua huliona wingu lao likipanda kutoka majini. Wolai hujishibisha kwa karamu hiyo, chambo cha mwanadamu kikapita mbele ya pua yake bila kutazamwa. Wavuvi hurudi mikono mitupu, mashua zimetapakaa wadudu, na wazee wao huwaambia vijana kwamba ziwa limeamua kujilisha lenyewe wiki hii.

Utaona basi kwa nini watu wa huko hawavui peke yao. Miji mingi midogo ya kandokando ya maziwa hayo ina klabu ya wavuvi wa wolai, na kiangazi ndicho msimu wake wa shughuli. Fundi magari hukaa mashua moja na mwalimu mstaafu, muuguzi na mkulima wa mahindi. Jioni moja ya kila wiki hukusanyika kwenye gati, wawili wawili, wakashusha mashua majini na kushindana mpaka giza litakapowaamuru kurudi. Klabu nyingi siku hizi hazipimi kwa mizani: samaki hulazwa juu ya ubao wenye namba, hupigwa picha, na kurudishwa majini akiwa hai. Zawadi si kubwa. Kinachogombewa hasa ni haki ya kusimulia mpaka wiki ijayo.

Ukitaka kuuona ustadi wao, tazama vidole wakati wa kutia chambo. Msimu huu wengi hupenda ruba kuliko nyungunyungu, kwa kuwa ruba haogopi maji ya joto. Mvuvi humwinua kwenye kopo akiwa amejikunja kama kidonge cheusi, akampitisha ndoana nyembamba kwenye kile kinyonyeo kipana cha mkiani, mara moja tu, asimuue. Akifika majini hujinyoosha na kuogelea kwa mawimbi kama utepe unaopeperushwa. Chubwi hutangulia chini, ikagusa sakafu, na mashua huachwa ielee polepole na upepo. Kisha hakuna la kufanya ila kuusikiliza mshipi kwa ncha ya kidole. Wolai havuti kwa kishindo. Mwanzo ni uzito tu, kama kwamba mshipi umekwama kwenye jani bovu. Mwenye papara hukurupuka na kumkosa. Mvumilivu humlegezea mshipi, akahesabu moyoni, ndipo akainua.

Watoto nao wana siku yao. Klabu huwafundisha kufunga mafundo, kumshika samaki kwa mikono iliyolowa ili ute wa ngozi yake usitoke, na kumwachia akiwa ameelekezwa kichwa mbele. Samaki mkunje angali mbichi, na hawa wanakunjwa vizuri. Baadaye hukaangwa wachache walioruhusiwa: minofu myeupe isiyo na miba ya kusumbua, imegaragazwa katika unga uliotiwa pilipili manga, ikatumbukizwa katika kaango zito la chuma juu ya moto wa kuni ufukweni, pamoja na viazi na vitunguu. Ni samaki mtamu, asiye na shombo, na utamu huo karibu umponze.

Maana pana daftari katika jambo hili. Ndani ya kichwa cha wolai, katika sikio, mna kijifupa chenye pete za miaka, mfano wa zile za shina la mti, na wataalamu wa samaki huzisoma wakajua alizaliwa mwaka gani na ulikuwa mwaka wa neema au wa dhiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muumba hakumwacha hata samaki mmoja bila daftari lake, ila mwanadamu hakulifungua mapema. Kaskazini ya Minnesota, katika Red Lake, ziwa ambalo sehemu yake kubwa iko katika ardhi ya Waojibwe wa Red Lake, wenyeji wa asili wa huko, wolai walivuliwa bila kiasi hata kufikia miaka ya 1990 walikuwa karibu kwisha. Waojibwe na serikali ya jimbo walikubaliana, uvuvi ukafungwa mwaka 1999, na mamilioni ya vifaranga wakamwagwa ziwani. Mwaka 2006 ziwa likafunguliwa tena likiwa limejaa. Ni miaka 7 tu. Mimi nikitafuta katika habari hii yote jambo la kunifanya nivue kofia, nalishika hili kabla ya lile jicho: kwamba viumbe waliokuwa wamebaki wachache kiasi hicho walijaliwa nguvu ya kurudi, mradi watu watoe mikono yao majini.

Ndiyo maana klabu zilizokomaa hujiwekea adabu kupita hata sheria. Sheria ya jumla ya Minnesota humruhusu mtu wolai 6, na kati yao mmoja tu ndiye anayeweza kuzidi inchi 20. Maziwa mengine yana masharti makali zaidi. Wanaklabu wengi humrudisha hata huyo mmoja, kwa kuwa wolai mkubwa kwa kawaida ni jike, na tumbo lake ni mayai mamia ya maelfu ya msimu ujao. Katikati ya kiangazi, samaki anapokuwa amezama vilindini, hujizuia kumfuata huko kwa mchezo tu. Akipandishwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa hufura, maji ya juu yenye joto humlemea, na hata akiachiwa kwa upole mara nyingi hafiki mbali. Mwenye samaki wa kumtosha huvuta nanga akaenda zake.

Watu wa Afrika Mashariki ni wengi sasa huko Minneapolis na Saint Paul, na huenda nawe ni mmojawao, au una ndugu huko anayelalamika kwamba kiangazi hakina pa kwenda. Mwambie hivi: kila mwezi wa Juni kuna siku za mwisho wa wiki ambazo mkaazi wa Minnesota anayempeleka mtoto asiyezidi miaka 15 kuvua anaruhusiwa kuvua naye bila leseni. Atafute gati au ufukwe wenye mawe, awe amefika saa moja kabla jua halijazama, na abebe tochi. Siku nyingine za msimu, kwa kawaida mtu mzima hulazimika kuwa na leseni.