Si Kila Kutetemeka Ni Pepo



Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuzitazame nafsi zetu, nasi twatazama za jirani tu. Leo natuitazame shingo. Mbele yake, chini ya kikoromeo, pana tezi yenye umbo la kipepeo. Homoni yake ndiyo iuamuruyo mwili kutumia chakula upesi au polepole, na moyo kwenda kasi au taratibu.

Tezi hiyo haijitawali. Zama za Maliwali hapa pwani, Liwali hakwenda mwenyewe kila mtaa. Alimwagiza Mudiri, na Mudiri akaamuru walio chini yake. Ndivyo ulivyo ubongo. Sehemu yake iitwayo haipothalamasi hupeleka khabari kwa pituitari, tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iliyoning'inia chini ya ubongo. Nayo huipelekea shingo amri kwa njia ya damu. Homoni ya shingo ikitosha, damu hurudisha khabari juu, na amri hupunguzwa. Ikipungua, amri huzidishwa. Ndivyo usiku na mchana, nasi hatuna khabari.

Lakini yako maradhi ambayo kinga ya mwili wenyewe hufanya kitu kinachoiga amri ya pituitari. Ni barua ya kughushi yenye muhuri wa Mudiri! Pituitari imekwisha nyamaza, na shingoni kazi yazidi, kwa kuwa barua za uwongo haziishi kufika. Mtu hukonda na hali anakula, hutoka jasho hata wakati wa kipupwe, mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio, usingizi humkimbia, hukasirika kwa jambo dogo, na pengine macho hutokeza. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na mara nyingine huanza miezi michache baada ya kujifungua.

Nasi twasemaje? "Huyo ana pepo." Huitwa fundi, hufukizwa ubani, hununuliwa mbuzi kwa deni, na mgonjwa ambaye moyo wake wakimbia hupigiwa ngoma usiku kucha ili acheze! Sikanushi kuwako majini, Qur'ani imewataja. Nakanusha ujuzi wa fundi. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na waliotutangulia katika ilimu hawakulala: tabibu Ismail al-Jurjani, katika karne ya 12, aliandika kwa Kiajemi juu ya uvimbe wa shingo pamoja na kutokeza macho, miaka mingi kabla ya Robert Graves wa Dublin kuyaeleza maradhi haya mwaka 1835. Sisi tungali kilingeni.

Kipimo chake ni damu kidogo ya mkono. Homoni ya shingo ikiwa imezidi, na ya pituitari karibu haionekani, siri ya barua imefichuka. Tiba zipo: vidonge vya kuituliza tezi, au iodini yenye mionzi, au kupasuliwa. Yakiachwa, mwendo wa moyo huharibika, na wako wafao. Ewe mume uliyeandikiwa orodha ya fundi, fedha ya mbuzi yule yatosha kipimo na nauli ya hospitali.