Hobabu na Chuma



Musa alikuwa na wingu la Bwana, na bado alimsihi Hobabu Mmidiani asirudi kwao, maana ndiye aliyejua mahali pa kupiga kambi jangwani (Hesabu 10:29-32). Hobabu akakataa, Musa akamsihi tena. Nabii aliyesema na Mungu hakuona haya kuomba macho ya mwenyeji.

Sisi wa Unguja, ambao kilima chetu cha Masingini hakifiki mita 200, tusidhani neno hili ni la watu wa bara tu. Mwaka 1875 Askofu Edward Steere alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka. Kirongozi wa msafara alikuwa Chuma, Myao, aliyetolewa katika minyororo ya utumwa mwaka 1861, na ambaye pamoja na Susi na wenzao aliuchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Askofu, mwenye sarufi na vitabu vyake, alimfuata yeye.

Hapo ndipo wengi tunaposhindwa. Leo mtu hapandi Kilimanjaro bila kiongozi. Lakini kijana yule akisema, "Turudi," mwenye fedha hununa. Ugonjwa wa mlima hauangalii cheo. Na kanisani je? Mzee akionywa na binti wa kwaya huuliza, "Nani kakutuma?"

Chuma alifariki hapa Unguja mwaka 1882. Ukisimama Mkunazini mbele ya ule msalaba wa mti wa Chitambo, ukimkumbuka Livingstone, mwombee na Chuma.