Mama Aliyengoja Mifupa
Somo: 2 Samweli 21:8–14



Huku kwetu, marehemu akiwa ni shosho aliyepita miaka 90, hatulii sana. Tunasema ameshiba siku. Mjukuu anasoma wasifu, wajukuu na vitukuu wanahesabiwa, kwaya inaimba, watu wanakula, na jioni tunarudi Karatina ama Othaya tukisema yalikuwa mazishi mazuri. Si vibaya. Maisha marefu ni baraka, Maandiko yako wazi hapo. Lakini kuna swali tunaliruka: je, kama huyo mama alienda akiwa bado anangoja kitu, na ni kitu ambacho sisi tuliobaki tungeweza kumtafutia?

Fikiria Mukami Kimathi. Aliaga tarehe 4 Mei 2023 akiwa ajuza, akazikwa Njabini, Nyandarua, Rais mwenyewe akiwepo. Taifa lilimjua kama mjane wa Dedan Kimathi, lakini nyumbani alikuwa mama na shosho kama wako. Mumewe alikamatwa Oktoba 1956 kando ya msitu hapa Nyeri, akahukumiwa hapa hapa mjini, na asubuhi ya 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Akazikwa huko bila alama. Mke hakupewa mwili.

Tangu hapo mama huyu alipewa vitu vingi vya heshima. Mwaka 2003 marufuku ya Mau Mau iliondolewa. Mwaka 2007 sanamu ya mumewe ikasimamishwa Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake. Chuo kikuu hapa Nyeri kikaitwa kwa jina hilo pia. Yote mazuri. Ila yeye, miaka ikienda, aliendelea kuomba kitu kimoja tu: aonyeshwe mume wake alipolala, amzike kama watu wanavyozikwa. Alikufa bila kuonyeshwa.

Najua kuna mtu wa Mungu atasema, "Mwili ni udongo tu, pasta. Roho ilishaenda. Siku ya parapanda Bwana hatauliza kaburi liko wapi." Ni kweli hatauliza. Hata Musa, Kumbukumbu la Torati 34 inatuambia hakuna ajuaye kaburi lake. Lakini soma vizuri: Musa alizikwa na Mungu. Kimathi alifichwa na watu, na walimficha makusudi, ili asiwe na mahali pa kuliliwa. Hizo si habari moja, na tusitumie tumaini la ufufuo kumfunga mjane mdomo.

Biblia yenyewe haimfungi. Rispa, binti Aya, wanawe wawili walitundikwa mlimani pamoja na wenzao watano wa nyumba ya Sauli. Akachukua nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hatuoni popote akihubiriwa kwamba mwili ni udongo. Tunaona Daudi akisikia habari zake. Na mfalme akaenda mpaka Yabesh-Gileadi kuchukua mifupa ya Sauli na Yonathani, ikakusanywa na ile ya waliotundikwa, wakawazika Sauli na mwanawe katika kaburi la Kishi. Ndipo, mstari wa 14, Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi. Mimi hapo huwa nasimama. Nchi ilikuwa na njaa miaka mitatu.

Nawe ukitaka kuona kwamba si jambo kubwa mno, nenda makaburi ya St. Peter's hapa mjini. Amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki 1941. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakasafirishwa kutoka huko hadi Nyeri, yawekwe kando ya mumewe. Wageni huja kupiga picha. Sina neno baya nao hata kidogo, wanandoa walitaka kulala pamoja na wakasaidiwa. Lakini kutoka Kamiti mpaka Njabini ni safari ya matatu ya asubuhi moja.

Kwa hivyo tunaposifu subira ya mama kama huyu, tuangalie tusijifiche nyuma yake. Subira yake ilikuwa imani. Kumsifu kwayo huku tukiacha ombi lake pale pale ni kitu kingine kabisa. Na hili si la serikali peke yake. Shosho wengi wa rika lake walipita hali ya hatari ndani ya vijiji vilivyozungushiwa mitaro, wakatoka na jambo moja moyoni ambalo halikuisha: ndugu asiyerudi kutoka kambini, shamba lililoandikwa jina la mtu mwingine, mtoto aliyezikwa haraka mahali ambapo sasa pana nyumba ya watu. Hatuwaulizi. Tunawapelekea sukari na shuka, tunapiga selfi, tunarudi Nairobi.

Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili la mama ya mama. Ati shosho amerudi. Nikiwaweka watoto wakfu madhabahuni hapa nasikia majina hayo kila mwezi: Wanjiru, Wangui, Mukami. Je, mtoto anapewa jina tupu, ama na ile haja iliyobaki?

Yusufu aliwaapisha ndugu zake Misri kwamba watabeba mifupa yake. Wakafa wote. Musa ndiye aliyeichukua usiku wa kutoka, ikabebwa jangwani miaka 40, na Yoshua 24:32 inasema ilizikwa Shekemu. Hakuna hata mmoja kati ya waliochimba kaburi lile aliyewahi kumwona Yusufu kwa macho.